Bwana Mawe wa Makere na Jiwe la Mlangoni

Mwakeye, wasikilizaji wapendwa. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye shambani aegemee jembe kidogo, halikimbii. Mwenye jirani amwite, maana redio moja inatosha watu kumi, na habari za mtu mwema hazinogi ukizisikiliza peke yako. Ni mimi, Dorcas Mpawenimana, yuleyule mwenye sauti ya sokoni.

Leo tunamkumbuka mzee mmoja wa Makere. Jina lake Pasikali Ndayikunda. Narudia kwa aliyekuwa bado anazungusha kitufe kutafuta mawimbi: Pasikali Ndayikunda, dereva mstaafu wa malori. Amefariki akiwa na miaka sabini na sita, kitandani kwake, baada ya kunywa uji na kulalamika kwamba umepungua sukari. Ameacha mjane, Mama Vestina, watoto watano, na wajukuu wengi kiasi kwamba alikuwa akiita majina matatu ndipo ampate anayemtaka.

Lakini, wasikilizaji wapendwa, ukimkuta dereva yeyote wa zamani wa barabara ya Kasulu na Kibondo ukamuuliza, "Unamjua Pasikali Ndayikunda?" atakuna kichwa. Mwambie, "Bwana Mawe." Hapo hapo utaletewa kiti.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya kuondoa msiba. Nilikwenda Makere na kinasa sauti changu, na sitaficha, nilikwenda na njaa pia, maana maharage ya nyumba ile yana sifa. Nikawakuta wazee watatu wamekaa kwenye benchi moja, wote madereva wastaafu, wote wanabishana. Nikasema, hapa ndipo pangu. Sikujua kwamba mmoja wao alikuwa na neno kifuani, neno la miaka ishirini na saba. Alikuwa anaogopa kwamba akilitoa, mlango wa nyumba ile utafungwa kwake mpaka naye azikwe. Huyo nitamfikia. Kwanza tuanze na mawe.

Ninyi mnaopita siku hizi kwenye lami mkiwa mmelala mdomo wazi, sikilizeni. Zamani barabara ile ilikuwa udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, ilikuwa sabuni. Lori likipanda kilima na mzigo, likichemka au likizimika, hakuna kutegemea breki peke yake. Unashuka, unaweka jiwe kubwa nyuma ya tairi ili lisirudi nyuma. Unatengeneza, unawasha, unaondoka. Na jiwe je? Jiwe linabaki katikati ya njia. Ukisimama tena kilimani kulitoa, lori linaweza kukushinda. Basi wengi walikuwa wanaliacha hapo hapo, wanasema moyoni, "Mwenzangu atalitoa."

Pasikali hakuwa hivyo. Alikuwa analipandisha lori lake mpaka juu kwenye tambarare, analiegesha, halafu anarudi kilima chote kwa miguu. Anakwenda kulitoa jiwe lake. Akiwa njiani akikuta mawe ya wenzake, anayatoa nayo. Ndiyo maana akaitwa Bwana Mawe.

"Tulikuwa tunamcheka," aliniambia Mzee Ndayisaba, ambaye aliendesha lori miaka thelathini na sasa anaendesha mbuzi wawili tu. "Unafika Kibondo, unaoga, unakula, unamaliza. Yeye ndiyo anaingia, suruali nyekundu mpaka magotini. Tunamuuliza, vipi, umelima leo?"

Pembeni yake alikuwepo Mzee Floribert, wa kambi ya Nyarugusu. Huyu alikuwa dereva kwao Fizi kabla ya vita, na huku alimjua Pasikali kwa kushusha naye mizigo ya kambini. Akadakia kwa Kiswahili chake cha Kongo, akimwita Pasikali kwa jina la bintiye mkubwa:

"Miye nilimuambia, Papa Benita, wewe shoferi mukubwa, unaacha kamiyo inanguruma kule juu, unatembea na miguu sababu ya mawe ya watu! Barabara ni ya baba yako?"

"Akakujibu nini?" nikauliza.

"Akasema, 'Floribert, baba yangu hakuacha kitu. Basi acha nichukue hii.'"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Wa tatu hakucheka. Wa tatu alikuwa Mzee Ildefonsi. Naye dereva, naye mstaafu, mwenyeji wa Kagerankanda aliyehamia Makere. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, na chai ilikuwa imeshapoa siku nyingi. Mkumbukeni huyo.

Sasa twende kwa Mama Vestina. Alifunga ndoa na Pasikali mwaka elfu moja mia tisa sabini na tisa. Nilimkuta chumbani na wanawake wenzake. Nikamuuliza, mama, maisha na dereva yalikuwaje?

"Mwanangu, mimi sikuolewa na mtu. Niliolewa na honi."

Tukaangua kicheko. Akaendelea.

"Akifika kona ya kuingia Makere anapiga mbili fupi, moja ndefu. Hiyo ni ya kwangu. Nikisikia, nabandika maji ya ugali. Anakula, analala, asubuhi nasikia tena mbili fupi moja ndefu, huyo, kaenda. Miaka kumi na tisa! Mtoto wangu wa pili alijifunza kuigiza honi kabla hajajifunza kusema baba."

Narudia, wasikilizaji wapendwa: miaka kumi na tisa aliolewa na honi. Ilikuja kuwaje akapata mume? Jibu lake ni jiwe.

Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane, mwezi wa tatu, masika yenyewe. Pasikali alikuwa anatoka Kibondo na maharage, anarudi Kasulu. Nyuma yake alikuwepo Ndayisaba na lori la pili, kwa sababu wakati wa mvua walikuwa wanasafiri wawiliwawili. Saa tisa alasiri, kwenye mteremko wa Busunzu, mvua ikashuka kama imemwagwa na ndoo. Pasikali akaingia kona. Katikati ya njia kulikuwa na jiwe. Tairi la mbele likalipanda, usukani ukamponyoka, lori likaingia mtaroni na kulala ubavu.

"Nilifika mbio," alisema Ndayisaba. "Nikamtoa kupitia dirishani. Mguu wa kulia nikauona tu, nikajua, huu umekwisha. Namwambia, ndugu yangu, pole, tulia. Mwenyewe ananiambia, 'Kalete lile jiwe.' Nikadhani maumivu yamempanda kichwani. Namlaza kwenye lori langu, anasema, 'Ndayisaba, jiwe.' Basi nikaenda kulibeba, limejaa matope, nikalitia miguuni pake. Tukaenda hospitali watatu: mimi, yeye na jiwe."

Mguu ulipona, lakini haukukunjika tena. Pasikali hakuendesha lori tena. Maharage yaliyomwagika mtaroni yaliota, na msimu ule akina mama wa Busunzu walichuma bila kulima.

Na nyumbani? Ndugu zangu, nilitegemea kusikia kilio. Binti yake mkubwa, Benita, ambaye sasa ni mwalimu, alinijibu akiwa anapanga sahani.

"Dada Dorcas, mimi nilimjua baba nikiwa na miaka kumi na mbili. Kabla ya hapo nilikuwa naijua soksi yake tu, maana ndiyo nilikuwa nafua. Baada ya ajali akawa anatusikiliza tukisoma vitabu vya shule. Hakujua hesabu za sehemu, lakini ukikosea anakuambia, 'Rudi nyuma kwa miguu, utaona ulipoliacha jiwe.'"

Pasikali akalima, akafuga nyuki, akawa mzee wa kanisa. Akajifunza kupika uji, akaharibu sufuria mbili. Madereva waliokuwa wanapita wakawa wanasimama kwake kunywa chai na kuulizia hali ya barabara, na nyumba ikawa inajaa kama stendi. Mlango wa mbele ulikuwa mzito na ulikuwa na tabia ya kujifunga wenyewe kwa upepo. Basi Pasikali akauwekea jiwe. Kila sikukuu ya Krismasi Mama Vestina alilipaka jiwe hilo chokaa nyeupe, na mlango ulikaa wazi tangu alfajiri mpaka watu wanakwenda kulala.

Sasa tumfikie Mzee Ildefonsi.

Tangu ajali ile, Ildefonsi hakukata mguu nyumbani kwa Pasikali. Alikuwa analeta asali. Alikuwa analeta mbegu. Paa lilipovuja, ni yeye aliyepanda juu. Jumapili ilikuwa ni yeye anayempakia Pasikali kwenye baiskeli, ule mguu umenyooka mbele kama mlingoti, wanakwenda kanisani. Alipostaafu akauza kiwanja chake Kagerankanda, akahamia Makere, nyumba ya tatu kutoka kwa Pasikali. Ya tatu!

Ninyi mnaijua Makere. Watu wakaanza. "Huyu mzee anamtafuta nini pale?" "Asali yote hiyo ni ya mgonjwa au ya mke wa mgonjwa?" Wasikilizaji wapendwa, kusema kweli kunapunguza dhambi: hata mimi nilisema. Nilisema sokoni, mbele ya muuza dagaa, kwa sauti. Nilisema, "Ildefonsi anasubiri zamu." Mungu anisamehe, na muuza dagaa aache kucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza.

Turudi Jumamosi. Watu wamekula, tumebanana sebuleni. Msemaji wa familia akasimama akasema maneno tunayoyajua wote: "Aliye na neno na marehemu, aliseme sasa tukiwa pamoja. Likibaki leo, lisimfuate mjane wake kesho."

Mtoto mmoja akalia, akanyamazishwa. Mara nikaona benchi linainuka upande mmoja. Ildefonsi amesimama.

"Mimi nina neno."

Jamani, masikio yangu! Wanawake wote tukageuka pamoja. Jirani yangu akanifinya paja akaninong'oneza, "Ndiyo hii sasa, anaomba mke." Nikamwambia, nyamaza tusikie.

Ildefonsi akavua kofia.

"Siku ile ya Busunzu mimi nilikuwa napanda kwenda Kibondo. Utingo wangu alibaki Kasulu na homa, nikawa peke yangu. Lori likachemka katikati ya kilima, pale kwenye kona. Nikaweka jiwe langu la tairi. Likapoa, nikawasha, nikaondoka. Jiwe nikaliacha. Nikasema nikifika tambarare nitarudi."

Ndayisaba akamwangalia kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Nilipofika tambarare, nikaona malori mawili yanakuja. La mbele lilikuwa la Pasikali. Tukapigiana honi. Ningesimamisha, ningetoa mkono dirishani, ningesema neno moja. Sikusema. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri, anayepita ni Bwana Mawe mwenyewe. Ataliona, atalitoa. Yeye si ndiyo kazi yake? Nikaenda zangu. Nilikuwa Kibondo nakunywa chai niliposikia."

Akapiga hatua moja kuelekea kwa mjane.

"Miaka ishirini na saba nimeingia kwenye nyumba hii. Kila siku nilisema, leo namwambia. Nikimwona, nashindwa. Sasa amekufa hajui. Mama Benita, nimekula kwako, nimenywa kwako. Ukiniambia nisikanyage tena hapa, nitakwenda. Hata Kagerankanda nitarudi, ingawa kiwanja nimeshauza."

Watu wakamgeukia Mama Vestina. Alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Nikamtazama usoni nikitafuta hasira. Sikuiona. Niliona kitu kama mtu anayejizuia kupiga chafya.

"Ndayisaba," akaita. "Niletee jiwe la mlangoni."

Ndayisaba akainuka. Akalitoa jiwe. Mlango ukajifunga wenyewe, pa! Ildefonsi akaruka. Nadhani alifikiri hilo ndilo jibu.

Mama Vestina akasema, "Ligeuze."

Likageuzwa. Upande wa juu, chokaa nyeupe, Krismasi ishirini na saba zimepandiana. Upande wa chini, ule unaokaa sakafuni, rangi ya buluu, imechubuka lakini ipo. Na katikati ya buluu, herufi moja imechorwa kwa brashi: I.

Kwa asiyejua, niseme: zamani kila dereva makini alikuwa na jiwe lake la tairi, analipaka rangi ya lori lake ili wenzake wasilichukue. Lori la Ildefonsi lilikuwa la buluu. Kila mtu alilijua.

"Nililiosha mwenyewe," alisema Mama Vestina. "Wiki ile ile, baba Benita yupo kitandani. Matope yakatoka, rangi ikatokea. Nikampelekea. Nikamwambia, hili ni la nani, unaona? Akasema, naona. Nilitaka nilibebe mpaka kwako nikutupie. Akanizuia. Akasema, 'Ukimtupia leo, hatakuja tena. Mwache. Ildefonsi ameanza kurudi kilima kwa miguu, na kile kilima ni kirefu.'"

Mzee Ildefonsi akakaa chini. Si kwenye benchi. Chini kabisa.

"Alijua?"

"Alijua."

"Miaka yote?"

"Wewe kila ukitoka hapa, alikuwa anakuambia nini?"

Hapo Floribert akapiga goti lake kwa nguvu.

"Yesu wangu! 'Ildefonsi, usisahau jiwe!'"

Wasikilizaji wapendwa, nyumba nzima ikakumbuka. Sote tulishamsikia. Mgeni mwingine akiaga, Pasikali alikuwa anasema, nenda salama, salimia nyumbani. Ildefonsi akiaga, ilikuwa, "Ildefonsi, usisahau jiwe." Na yule mzee, kila mara, anainama, analirudisha jiwe vizuri mlangoni. Sisi tulidhani ni habari za mlango.

"Moyo wangu ulikuwa unaruka kila akisema," alisema Ildefonsi. "Nikajiambia, ni mlango tu. Ni mlango tu."

"Na ukishaondoka," alisema Mama Vestina, na sasa kile kitu alichokuwa anakizuia kikamponyoka, akacheka huku machozi yanashuka, "ukishaondoka, anakaa pale kwenye kiti anacheka peke yake mpaka mguu unamuuma. Nikamwambia, wee mzee, unamtesa mwenzio! Akasema, 'Nami si alinivunja? Acha nicheke kidogo.'"

Hapo ndipo msiba ulipogeuka. Ndayisaba alicheka, Benita alicheka, mchungaji alijifanya anatafuta ukurasa kwenye kitabu. Ildefonsi mwenyewe alilia kwanza, halafu akacheka, halafu akawa anafanya yote mawili, kofia ameifinya usoni.

Alipotulia akasema, "Mama Benita, nisamehe."

Mama Vestina akajifuta. Akasema polepole, na maneno haya ninayo kwenye kinasa sauti, siyatii chumvi:

"Yeye alishakusamehe, na hilo si langu kulirudia. La kwangu ni hili. Miaka kumi na tisa niliishi na honi. Jiwe lako likampiga, nikapata mume miaka ishirini na saba. Sitakushukuru, maana nilimwona akilia kwa ule mguu na wewe hukumwona. Lakini hesabu yangu naijua mwenyewe, na sina neno na wewe."

Ildefonsi akainuka. Akaliendea jiwe, akaliinua kwa mikono miwili. Ana miaka sabini na mitatu, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Basi niruhusu niliondoe. Nikalitupe mbali. Ndicho nilichopaswa kufanya siku ile."

Akawa anakwenda nalo kwenye mlango uliofungwa. Mama Vestina akamwacha afike. Akamwacha aufungue kwa bega. Jua likaingia, kuku wakaingia, watoto waliokuwa wamefungiwa nje wakaingia. Alipokuwa ameshaweka mguu mmoja nje, mjane akamwita, kwa sauti ileile ya marehemu, vilevile alivyokuwa anaivuta:

"Ildefonsi. Usisahau jiwe."

Yule mzee akasimama. Akageuka. Akainama taratibu, akaliweka mahali pake mlangoni. Safari hii aliweka upande wa buluu juu. Kisha akarudi ndani, akaomba chai ya moto.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye alikuwa Pasikali Ndayikunda, dereva mstaafu, Bwana Mawe wa Makere. Kwako Mama Vestina, kwako Benita na wadogo zako, kwa wajukuu, kwa madereva wote wa zamani kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, na kwa ndugu zetu wa Nyarugusu waliotembea kuja kumzika: poleni sana. Mungu amlaze pema, na huko aliko, uji uwe na sukari.

Nasi tuliobaki, tufikiri kidogo. Kila mtu ana kilima alichokipanda kwa shida, akaweka jiwe, akaondoka zake akisema mwenzake atalitoa. Wewe unalijua la kwako. Huenda hata aliyevunjika mguu analijua, anakusubiri tu na chai. Rudi kwa miguu, ndugu yangu. Mimi mwenyewe nikitoka studio hapa napitia sokoni, kisha naenda nyumba ya tatu kutoka kwa Pasikali, nikamwambie Mzee Ildefonsi nilichokuwa nasema kwa muuza dagaa. Mlango wake sijui kama unakaa wazi. Nitabisha hodi.